Mwongozo kwa Mgeni Asiyejua Yuko Moshi Ipi

Kabla hujamuuliza mtu Moshi ina watu wangapi, hakikisha umekaa, umeagiza chai, na huna basi la kuwahi. Jibu fupi lipo na limechapishwa: kwa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Manispaa ya Moshi ilikuwa na watu 221,733. Mgeni mwenye busara huliandika, hushukuru, akaenda zake kupanda mlima. Tabu iko kwa wale wanaobaki wakiuliza swali la pili. Hao ndio walioandikiwa mwongozo huu.

Swali la pili huwa: je, hiyo ndiyo Moshi yote? La hasha. Moshi ziko nne, na zote zina haki ya jina.

Ya kwanza ndiyo hiyo manispaa, mji wenye kata 21 uliobanwa kwenye kilomita za mraba zipatazo 59 tu. Ya pili ni Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, ambayo watu huiita Moshi Vijijini. Hiyo inaanzia juu mlimani kwenye migomba, inateremka huku imeikumbatia manispaa, hadi tambarare za kusini kwenye mashamba ya miwa ya TPC. Ina watu 535,803, yaani zaidi ya mara mbili ya mji iliouzunguka. Ya tatu ni Wilaya ya Moshi, ambayo ni hizo mbili zikiwekwa pamoja chini ya Mkuu wa Wilaya mmoja: watu 757,536. Ya nne haimo kwenye kitabu chochote cha serikali, lakini ndiyo maarufu kuliko zote. Ni Moshi ya midomoni, ile inayotajwa Kariakoo, Mbezi na Ubungo kule Dar es Salaam, nayo ni mkoa mzima wa Kilimanjaro na watu wake 1,861,934.

Hii ya nne itumie kwa uangalifu. Mtu wa Rombo akiwa Dar es Salaam ni mtu wa Moshi, na hana ugomvi na hilo. Akifika Himo anaanza kuwa wa Rombo. Akishapita Mwika, ukimwita wa Rombo atakuuliza Rombo ya wapi, Mkuu au Mashati? Mmachame na Mmarangu nao ni hivyo hivyo: kadiri anavyokaribia nyumbani ndivyo Moshi yake inavyopungua. Lakini usithubutu kumtia Mpare kwenye kapu hilo. Wilaya za Same na Mwanga, kwao Wapare, zimo mkoani Kilimanjaro, na kwenye sensa zilikuwa na watu 449,066. Ukisema "Moshi" kwa maana ya mkoa, umewabeba watu wote hao bila kuwauliza. Mtu wa Usangi akiambiwa ni mtu wa Moshi hujibu kwa upole, kisha halisahau.

Nani umpe heshima gani

Ukishajua Moshi yako, jifunze wakubwa wake, maana mgeni anayekosea namba husamehewa, lakini anayekosea cheo hukumbukwa. Mkuu wa Mkoa ana ofisi yake Moshi mjini, kwa kuwa Moshi ndiyo makao makuu ya mkoa. Mkuu wa Wilaya ni mmoja, na wilaya yake ina halmashauri mbili. Halmashauri mbili maana yake wakurugenzi wawili, kila mmoja na bajeti yake, magari yake na muhuri wake. Manispaa inaongozwa na Meya, ile ya vijijini inaongozwa na Mwenyekiti wa Halmashauri. Wabunge wa majimbo ni watatu: wa Moshi Mjini, wa Moshi Vijijini na wa Vunjo, jimbo ambalo nalo limo ndani ya halmashauri ya vijijini.

Ukimwita Mwenyekiti wa Halmashauri "Mheshimiwa Meya" umempandisha, naye atatabasamu. Ukimwita Meya "Mwenyekiti" umemshusha, na shughuli yako itasubiri. Ukiwa na shaka, sema "Mheshimiwa" tu, halafu nyamaza. Na ukiona kwenye karatasi pameandikwa "Moshi DC", usidhani ni salamu kutoka kwa Mkuu wa Wilaya, ambaye naye huitwa DC. Hiyo ni halmashauri ya vijijini.

Ngazi za chini ndizo zinazomtesa mgeni aliyeamua kuhamia. Mjini kuna mtaa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kule halmashauri ya vijijini kuna kijiji, na chini yake vitongoji, kila kimoja na mwenyekiti wake. Unaweza kuvuka barabara moja ya vumbi ukatoka kwenye mtaa ukaingia kitongojini, na hakuna bango litakalokuambia. Utajua siku unapohitaji barua ya utambulisho, baada ya kupanga foleni asubuhi nzima kwa mwenyekiti asiye wako.

Mambo ya Moshi yasiyokuwamo Moshi

Mlima hauko Moshi. Najua umeuona kutoka dirishani mwa hoteli, ukapiga picha, ukaituma nyumbani na maelezo kwamba uko Moshi chini ya Kilimanjaro. Hiyo ni kweli, ila hakuna lango hata moja la kupandia mlima lililo ndani ya mipaka ya manispaa. Marangu na Umbwe ni halmashauri ya vijijini, Machame ni Hai, Rongai ni Rombo, Londorosi ni Siha. Manispaa inachopata ni kulaza wageni, kuwauzia soksi na kuwapa mahali pa kusimulia walivyofika kileleni, au walivyokaribia.

Uwanja mkubwa wa ndege, ule wa kimataifa uliofunguliwa mwaka 1971, uko wilayani Hai. Sukari ya TPC inapikwa Arusha Chini, nje ya manispaa, tena mahali palipobeba jina la mji mwingine kabisa. Kahawa ambayo imeupa mji huu sifa duniani inalimwa huko juu kwenye vihamba, mashamba ya ukoo. Mjini ilishuka kuuzwa, kupigiwa mnada na kujengewa ofisi, zikiwemo za KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933.

Lakini mtego mkubwa kuliko yote ni huu: Moshi yenyewe haiko Moshi. Moshi ya asili, ile ya Mangi, yaani chifu, Rindi ambaye wengine walimwita Mandara, iko juu mlimani, na leo inaitwa Old Moshi. Wajerumani walijenga boma lao huko. Mtoto wa Rindi, Mangi Meli, aliwapiga vita, na mwaka 1900 walimnyonga huko huko. Kisha reli kutoka Tanga ikafika tambarare mwaka 1911. Garimoshi halipendi milima, kwa hiyo stesheni ikawekwa chini, maduka yakaifuata stesheni, ofisi zikayafuata maduka, na jina likateremka nazo. Leo Old Moshi Mashariki na Old Moshi Magharibi ni kata za halmashauri ya vijijini. Mzee wa huko akikwambia "ninyi wa mjini mmechukua jina letu", usibishane naye. Ana ushahidi.

Mji huo uliozaliwa na reli ulipata baraza lake mwaka 1956, ukawa manispaa mwaka 1988, na hapo ndipo ulipo hadi sasa. Kwa eneo, ni katika manispaa ndogo kabisa nchini. Gawanya watu kwa kilomita na utapata zaidi ya watu 3,700 kwa kila kilomita ya mraba. Msongamano huo hautauona Shanty Town, mtaa wa wenye nazo wenye miti mirefu na nyumba zilizorudi nyuma ya ua. Utauona Majengo, Pasua na Njoro.

Usitamke neno jiji kabla ya chakula

Kwa zaidi ya miaka kumi Moshi imekuwa ikizungumzia kuwa jiji. Vikao vimekaa, mipaka imependekezwa, matumaini yamepanda na kushuka. Mgeni akifika na kusema kwa nia njema, "Moshi, mji mdogo mzuri," ameumiza watu kwa maneno manne. Na ukitaka kuharibu mlo kabisa, sifia Arusha. Arusha iko umbali wa kilomita 80 hivi, na ilitangazwa jiji mwaka 2012, mwaka ambao sensa iliikuta na watu 416,442.

Zingatia hiyo namba. Kipimo kinachotajwa siku zote ni kwamba manispaa iwe na watu wasiopungua laki moja na jiji liwe na laki tano, pamoja na uwezo wa kujiendesha kwa mapato ya ndani. Ukikishika kipimo hicho kama kilivyo, utapotea Tanzania nzima. Tanga ni jiji tangu mwaka 2005. Sensa ya 2012 iliikuta na watu 273,332 na ile ya 2022 ikaikuta na 393,429, kwa hiyo imekuwa jiji muda wote huo bila kugusa laki tano. Temeke ina watu 1,346,674 na ni manispaa. Ilemela, pale pale ubavuni mwa Jiji la Mwanza, ina watu 509,687 na ni manispaa.

Dar es Salaam ndiyo kiboko. Mwezi Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa jiji mahali pake. Tangu siku hiyo, kwa hesabu za makaratasi, mkazi wa Masaki anayetazama bahari kutoka ghorofani yuko Manispaa ya Kinondoni, na mkazi wa Chanika, mwenye mihogo nyuma ya nyumba, yuko jijini. Hakuna hata mmoja kati yao aliyebadili tabia.

Dodoma nayo ina somo lake. Ilipandishwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na kwenye sensa ya 2022 ilikuwa na watu 765,179. Sasa rudi juu utazame Wilaya ya Moshi nzima: 757,536. Hizo ni namba za kulingana. Tofauti ni kwamba Dodoma, mji na mashamba yake yote vilihesabiwa kama jiji moja, na mashamba ya zabibu ya Hombolo yamo ndani ya jiji. Hombolo huko huko kuna Chuo cha Serikali za Mitaa, kinachowafundisha watumishi wa halmashauri kazi yao, na sijui kama mwalimu akieleza tofauti ya mji na kijiji huwa anachungulia dirishani. Moshi ilichorewa mstari kuzunguka stesheni na maduka, ikaambiwa hapo ndipo mwisho wako. Kwa hiyo mtu wa Moshi anapokwambia, "Sisi tungekuwa jiji zamani," hasemi uongo. Anasema kwamba mstari ndio mdogo. Watu wapo.

Kuna anayeshauri kungoja tu watu waongezeke. Mpe karatasi na kalamu. Mwaka 2012 manispaa ilikuwa na watu 184,292, kwa hiyo ndani ya miaka kumi iliongeza 37,441, kama asilimia 20. Kwa mwendo huo laki tano itafikiwa katikati ya miaka ya 2060. Katika miaka hiyo hiyo kumi Tanzania nzima ilitoka watu 44,928,923 hadi 61,741,120, ongezeko la asilimia 37, na mkoa wa Kilimanjaro ukaongeza asilimia 13 na ushei tu. Mgeni akiona takwimu hizi huuliza kama watu wa Kilimanjaro hawazai. Wanazaa vizuri. Wanaongezeka kama wengine, ila wanaongezekea Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na popote penye njia panda inayofaa kufunguliwa duka.

Agosti na Desemba

Hapa ndipo hesabu yenyewe inapogeuka kichekesho, na mgeni asome polepole.

Sensa ya Tanzania humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mwaka 2022 siku hiyo ilikuwa tarehe 23 Agosti. Kamisaa wa Sensa, Mama Anne Makinda, alizunguka nchi akisisitiza kila mtu ahesabiwe, na makarani wakafanya kazi yao. Sasa fikiria nani alilala Moshi usiku ule. Agosti ni msimu mkubwa wa wapanda mlima. Mdachi aliyefika na buti mpya, akalala hoteli moja karibu na Double Road akingoja kupanda asubuhi, alihesabiwa. Mgonjwa aliyeletwa hospitali ya KCMC kutoka mkoa mwingine alihesabiwa. Dereva wa lori aliyeegesha kupumzika alihesabiwa. Lakini Mangi, si chifu bali Mchaga mwenye duka Sinza, Dar es Salaam, aliyezaliwa Kibosho, mwenye nyumba Kibosho, mwenye ng'ombe Kibosho na anayejua fika atazikwa Kibosho, alihesabiwa Sinza.

Ndiyo maana nchi nzima ina utani mmoja wa mwezi Desemba. Wachaga wakianza kupakia magari, kila mtu husema wanakwenda "kuhesabiwa". Utani huo umekaa sana hata Wachaga wenyewe wameuzoea; ukimuuliza jirani yako likizo atakwenda wapi, atakujibu bila kucheka, "Naenda kuhesabiwa." Mabasi ya ziada hutafutiwa vibali, barabara ya Segera hujaa magari madogo yenye watoto, vifurushi vya zawadi na jenereta, na tangu mwezi Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam hadi Moshi nayo ilirejea kubeba sehemu ya msafara. Reli iliyoujenga mji imerudi kuwarudisha wenye mji.

Onyo kwa mgeni wa Desemba: usifike Moshi tarehe 23 ukitarajia kupata chumba, bajaji ya haraka, au fundi gereji aliye tayari kukusikiliza. Foleni itakukuta Double Road, na soko la Mbuyuni utaliingia kwa bega. Ukitazama umati huo utajiuliza hizo namba za sensa zilitoka wapi. Subiri jioni. Jioni wote wanapanda juu. Wanalala Uru, Kibosho, Old Moshi, Kirua, Marangu, Mwika, Machame, kila mtu kwenye kihamba cha baba yake, kwenye nyumba kubwa ambayo miezi kumi na moja ilikuwa na mlinzi tu. Saa tatu usiku mjini kumetulia. Kwa maana hiyo, hata sensa ingefanywa usiku wa Krismasi, manispaa isingefaidika. Halmashauri ya vijijini ndiyo ingepata neema, pamoja na Rombo, Hai na Siha.

Usijaribu kumweleza Mangi hilo. Kwake hesabu inayohesabika ni ile ya mezani kwa mzee, pale inapoangaliwa nani amekuja, nani hakuja, na asiyekuja amemtuma nani na nini.

Ukivuka Pasua

Dawa ya namba ndogo, wanasema wenye haraka, ni kupanua mipaka. Chukua kata kadhaa za vijijini zilizokwisha kuwa mji kwa sura, uzitie manispaa, mambo yamekwisha. Ukiwa na nafasi, nenda ukaone mambo hayo yanavyokwisha. Vuka Pasua uingie Mabogini. Nyumba zimeshikana, bodaboda zimepangana, kuna saluni, vibanda vya chipsi na maduka ya vifaa vya ujenzi. Mtu wa huko huamka kijijini, hushinda manispaa akiuza nguo Mbuyuni, na kurudi kulala kijijini. Karani wa sensa alimkuta kijijini. Takataka zake za mchana, choo chake cha mchana na ushuru wa kibanda chake ni mambo ya manispaa.

Kwa Mabogini hoja ya mji inaeleweka. Panda sasa upande wa pili, kuelekea Uru au Kibosho, ukaiseme huko. Utakaribishwa kwa heshima zote. Utapewa kiti, utapewa mbege, pombe ya ndizi, kama unakunywa, na mzee atakusikiliza hadi mwisho. Halafu atauliza juu ya kihamba. Kihamba ni zaidi ya shamba: ndipo penye migomba, kahawa, banda la ng'ombe, nyumba, na makaburi ya baba na babu. Kijijini ardhi hiyo iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mila inatambuliwa. Ikiwa mtaa wa mji, watakuja wapima, vitawekwa vigingi, kihamba kitaitwa viwanja, na kila kiwanja kitakuwa na namba, kodi na masharti. Sheria ndogo za miji hazina mapenzi na ng'ombe. Na zinataka mtu azikwe kwenye makaburi ya umma.

Hapo mzee atakuuliza hilo jiji litamzika wapi. Huna jibu. Maliza mbege yako, mshukuru mama, uteremke kabla ya giza. Mimi katika jambo hili niko upande wa mzee, ingawa najua diwani wa mjini naye ana hoja: barabara, mifereji na taa anazotakiwa kutoa ni kwa watu wanaoshinda, na fedha anayopewa inatazama watu wanaolala.

Mengine kwa haraka

Usitupe ganda la ndizi barabarani. Moshi ina sifa ya usafi nchini na inailinda kwa faini, na askari wa mazingira hawatakuuliza kwanza kama ulikuja kwa utalii au kwa utafiti wa hadhi za miji.

Ukipanda gari Arusha, usimwambie konda "nashuka Moshi" kisha ukanyamaza. Atakuuliza, "Moshi ipi, kaka?" Mjibu jina la kituo. Ukisema "Moshi mjini" atakushusha stendi. Ukisema "kwetu Moshi", atajua unapitiliza kwenda Himo na nauli itabadilika.

Ukiandika ripoti, andika "Manispaa ya Moshi, 221,733, Sensa ya 2022", na usiongeze neno. Bosi wako akitaka namba kubwa zaidi, mpe 757,536 na useme ni Wilaya ya Moshi. Akitaka kubwa kuliko hiyo, anataka mkoa, na hapo mwambie awapigie simu Wapare mwenyewe.

Na kama wewe si mgeni bali ni mtoto wa huko, uliyeko Dar es Salaam ukiitamani Moshi jiji, kazi yako ni rahisi. Sensa zikiendelea kuja kila miaka kumi, inayofuata ni ya mwaka 2032. Omba ruhusa kazini, panda treni, na usiku wa sensa usipande kwa mzee. Lala Majengo.